Meseji ya "kunywa dawa" kwa mtu anayetumia unga: kwa nini kumkumbusha tu hakutoshi

Kila ikija mada ya watu wanaoishi na VVU na huku wanatumia unga, lazima atokee mtu aseme jambo lenyewe dogo tu, saivi kila mtu ana simu, mtumieni meseji saa mbili usiku akumbuke vidonge vyake, kazi imeisha. Wazo si baya, na halina gharama kubwa, ndo maana Shirika la Afya Duniani (WHO) kwenye miongozo yake ya 2013 liliitaja meseji ya simu kama kitu kinachoweza kumsaidia mtu asiruke ARV, zile dawa za kufubaza VVU. Ila ukiingia ndani ya tafiti zenyewe unakuta watu wanachanganya vitu viwili. Kuna meseji inayokumbusha, na kuna meseji inayouliza halafu upande wa pili kuna mtu anasubiri jibu. Kwa anayetumia dawa za kulevya, hizo mbili ni mbingu na ardhi. (Nikisema unga namaanisha heroini, lakini mengi humu yanawahusu wa dawa za kusisimua kama kokeini na methi pia.)

Kwanza vidonge vyenyewe, haraka haraka. ARV zinazotumika sana siku hizi ni kidonge kimoja kwa siku chenye dawa tatu ndani yake, tenofovir, lamivudini na dolutegraviri. Havimalizi virusi, vinavizuia visizaliane, maana kuna virusi vilivyojificha ndani ya seli ambavyo dawa haivifikii na vinasubiri tu. Mtu akiacha kabisa, kwa kawaida wiki chache zinatosha virusi kupanda tena. Akiwa anameza leo, anaruka siku tatu, anarudi, anaruka tena, ndo hapo kirusi kinapata nafasi ya kuzoea dawa, tunaita usugu, ingawa dolutegraviri ni ngumu kuzoeleka kuliko dawa za zamani. Na akimeza vizuri, wingi wa virusi unashuka mpaka kipimo hakivioni, chini ya kopi 50 kwa mililita, na mtu wa hivyo hamwambukizi mwenza wake kwa njia ya ngono. Hili la mwisho limethibitishwa kwenye tafiti kubwa za wapenzi ambao mmoja ana VVU na mwingine hana. Kwahiyo kidonge kimoja kila siku, hakuna zaidi. Inasikika rahisi, sasa ngoja tuone.

Utafiti uliofanya dunia iamini habari za meseji ulifanyika Kenya, ukatoka kwenye jarida la Lancet mwaka 2010. Watu 538 walioanza ARV kwenye kliniki tatu, za Nairobi na Kajiado, waligawanywa makundi mawili, wengine huduma ya kawaida na wengine huduma hiyohiyo pamoja na meseji moja kwa wiki. Meseji yenyewe ilikuwa neno moja, "Mambo?" Hakuna habari ya vidonge, hakuna VVU, hakuna jina la kliniki. Mgonjwa anatakiwa ajibu ndani ya saa 48, akiwa vizuri anaandika "Sawa", akiwa na jambo anaandika "Shida". Aliyeandika shida anapigiwa na mhudumu wa afya, na asiyejibu kabisa naye anapigiwa. Baada ya mwaka, waliosema wanameza zaidi ya asilimia 95 ya dozi zao walikuwa asilimia 62 upande wa meseji na 50 upande wa pili. Unaweza kusema hayo ni maneno yao wenyewe, mtu anaweza kudanganya, sawa, lakini hata kwenye damu tofauti ilionekana, waliofubaza virusi, yaani virusi vimeshuka sana kwenye damu, walikuwa asilimia 57 dhidi ya 48.

Angalia hiyo meseji vizuri. Haimkumbushi mtu chochote! Inakuja mara moja kwa wiki wakati vidonge vinamezwa kila siku, sasa itakumbusha nini? Kilichofanya kazi pale ni kwamba kila wiki kuna mtu anakujulia hali na ukisema una shida simu inaita. Tena watafiti walipiga hesabu kwamba nesi mmoja anaweza kufuatilia watu 1000 kwa mtindo huo na akajikuta anapiga simu kama 33 tu kwa wiki, kwa sababu wengi wako sawa na hawahitaji kusumbuliwa. Hiyo namba kwangu ina uzito kuliko hata zile asilimia, maana ndo inaonyesha kwamba kitu kinawezekana mahali ambapo manesi ni wachache.

Mwaka uliofuata, 2011, ukatoka utafiti mwingine wa Kenya hukohuko, upande wa magharibi, watu 431, na huu ulikuwa wa kukumbusha hasa. Wengine walitumiwa kila siku, wengine kila wiki, wengine meseji fupi na wengine ndefu yenye maneno ya kutia moyo, na chupa za dawa ziliwekewa kifuniko cha kielektroniki kinachorekodi kila kinapofunguliwa, kwahiyo hakuna kudanganyana sana. Waliopata kila wiki, asilimia 53 walifikisha angalau asilimia 90 ya dozi, wasiopata kitu ni 40. Waliopata kila siku? Hakuna tofauti ya maana na wasiopata. Na maneno matamu ya kwenye meseji ndefu hayakuongeza kitu. Nadhani yeyote aliyewahi kutumiwa matangazo na kampuni ya simu kila siku anaelewa kwa nini, kitu kikija kila siku unaacha kukiona.

Halafu zipo zilizofeli, na hizi watu hawapendi kuzitaja. Cameroon, kule Yaoundé, watu 200 walitumiwa meseji za kutia moyo kila wiki kwa miezi sita, hakuna tofauti iliyoonekana. Na ile ile "Mambo?" ilipojaribiwa tena Kibera, Nairobi, kwa watu 700 waliogundulika karibuni, safari hii kuangalia kama itawafanya wasipotee kliniki mwaka wa kwanza, matokeo yaliyotoka 2018 yalisema hapana, waliobaki walikuwa karibu sawa pande zote. Kwahiyo ukisikia mtu anasema meseji zimethibitishwa kufanya kazi muulize meseji gani, kwa nani, kufanya kazi ya nini. Mapitio moja ya 2015 yaliyokusanya majaribio ya magonjwa mbalimbali yalikuta meseji za kujibizana ziliongeza umezaji wa dawa kwa asilimia 23 na za upande mmoja asilimia 4 tu, ambayo kitakwimu ni kama hakuna. Majaribio yenyewe yalikuwa machache lakini mwelekeo unaonekana.

Sasa tuje kwa mtu wa unga, maana hapo ndo watu wanapotea.

Anaposema "nimesahau dawa" mara nyingi sio kusahau. Chukua asubuhi yake. Anaamka na arosto, yale mateso ya mwili ukikosa unga, mwili unauma, kamasi zinatoka, tumbo linakoroga, na akili yote iko kwenye kupata kete ya kwanza, kile kipakiti cha unga, bila hiyo hata maji hayashuki. Kidonge anakijua kiko wapi. Meseji ikiingia saa hiyo inamwambia kitu anachokijua tayari, kwenye saa ambayo hana uwezo wa kukifanya, na juu yake inamuongezea kujihukumu. Mwingine halali sehemu moja, vidonge viko kwa mama mdogo na yeye yuko maskani, kijiweni na wenzake. Mwingine amekamatwa yuko mahabusu siku ya tatu. Mwingine kliniki aliyopangiwa kuna mhudumu alimsema mbele za watu na ameapa hakanyagi tena, na vidonge vimeisha wiki mbili zilizopita, huyo unamkumbusha anywe nini?

Na kuna wanaoacha kwa makusudi, wakiamini wanafanya jambo la busara. Mtu anajiambia leo nimetumia kwahiyo ARV nisimeze, nisije nikachanganya sumu mbili. Hii imani imechunguzwa sana kwenye pombe na kwenye dawa za kulevya, na wanaoiamini huruka dozi zaidi. Kwa wanaotumia kila siku maana yake ni kwamba hawamezi kabisa. Ukweli ni kwamba kidonge chenye dolutegraviri na heroini havina ugomvi wa maana, kuruka kidonge ndo hatari. Kuna ARV zinazoongezewa ritonavir au cobicistat, dawa za kuzipa nguvu ARV nyingine, hizo zinaweza kupandisha kiwango cha baadhi ya vitu mwilini, methi, ekstasi, na aina fulani za vidonge vya usingizi, kwahiyo anayetumia vitu hivyo anatakiwa aseme kliniki apangiwe vizuri. Lakini atasemaje kama hakuna anayemuuliza kwa wema?

Mfano ninaoupenda zaidi kwa sababu unaonyesha mambo yote kwa pamoja ni wa methadoni na efavirenzi. Mtu ameamua kuacha unga, ameanza methadoni, dawa ya kliniki inayochukua nafasi ya unga na kuzuia arosto, anakunywa dozi yake kila siku na anajisikia binadamu. Anapewa ARV zenye efavirenzi, ambayo kwa miaka mingi ndo ilikuwa dawa ya kawaida na bado ipo sehemu kadhaa. Efavirenzi inalifanya ini lichome methadoni kwa kasi, kiwango chake kwenye damu kinaweza kushuka hata nusu. Haitokei siku hiyohiyo, inachukua wiki moja au mbili, ndo arosto inarudi, usiku jasho, mifupa inauma. Sasa yeye anafikiria nini? Anasema hizi ARV ndo zinanipa arosto. Na yuko sahihi kabisa! Anaziacha, baada ya muda anapata nafuu, na kuanzia hapo hakuna mtu atakayemshawishi. Au mbaya zaidi, anarudi kwenye kete ili azibe pengo.

Mtumie huyo meseji ya "kumbuka kunywa dawa" mara mia, ataifuta mara mia. Lakini mtumie "Mambo?" na akaandika shida, nesi akapiga:

"Kaka habari, umeandika shida, kuna nini?"
"Sista hivi vidonge mlivyonipa siviwezi. Arosto imerudi."
"Imeanza lini?"
"Kama wiki ilopita."
"Na methadoni unakunywa kama kawaida?"
"Sijaruka hata siku moja."

Mazungumzo ya dakika moja na nesi anayejua kazi yake ameshaelewa, methadoni inatakiwa ipandishwe au ARV ibadilishwe, dolutegraviri haina tatizo hilo. Rifampisini ya kifua kikuu nayo inaiangusha methadoni hivohivo, tena mtu akiwa kwenye rifampisini dolutegraviri yenyewe hutakiwa kumezwa mara mbili kwa siku, kwahiyo mwenye VVU, TB na methadoni kwa pamoja anahitaji mtu wa kumfuatilia kwa karibu sana. Hakuna kengele ya simu inayoweza kugundua haya.

Kule Marekani, jimbo la Virginia, kuna watafiti walijaribu kitu kilichotengenezwa mahsusi kwa watu wenye VVU wanaotumia vileo na dawa za kulevya na wanaoishi nje ya miji mikubwa. Ilikuwa ni majaribio madogo tu, watu 63, lakini muundo wake una akili. Meseji ziliuliza mambo matatu, umemeza dawa, unajisikiaje moyoni, na umetumia chochote. Na majibu ambayo mashine ingerudisha yaliandikwa na mgonjwa mwenyewe siku ya kuanza, kwa maneno yake. Yaani anakaa chini akiwa ametulia anaandika, siku nikisema nimeruka dawa nataka niambiwe hivi, siku nikisema nimetumia niambiwe hivi. Walioipata umezaji wao ulipanda kuliko wa wenzao wa huduma ya kawaida. Ukiwaza, ni yeye wa jana anaongea na yeye wa leo, na ni vigumu kumkasirikia mtu huyo ukamwambia hajui maisha yako.

Ila hilo swali la "umetumia chochote" ndo lenye miiba. Mahali ambapo kutumia ni kosa la jinai, jibu la "ndiyo" lililokaa kwenye simu ni maandishi. Mtu akikamatwa simu ikachunguzwa, yapo. Kwahiyo kabla ya kuuliza kitu hicho lazima iwe wazi majibu yanaenda wapi, nani anayaona, yanakaa muda gani, na mtu akubaliane nayo kwanza. Programu nyingi zinatumia alama, 1 maana yake sawa, 2 maana yake nipigie, na mtu anafundishwa afute. Mimi naona hata bila kuuliza kabisa habari ya unga unaweza kupata karibu yote unayohitaji kwa "Mambo?" na mtu mwenye masikio upande wa pili.

Halafu simu. Wapangaji wa hizi programu wengi wanafikiri kwa simu zao wenyewe, iko mfukoni, ina chaji, namba ni ile ile miaka kumi. Simu ya mtu aliye kwenye unga ni mali ya kwanza kuuzwa arosto ikikaza, au inawekwa rehani, au inaibiwa maskani. Laini inabadilika. Na laini isipotumika muda mrefu kampuni inaigawa upya, kwahiyo meseji yako ya "usisahau ARV zako" inaweza kwenda kwa mtu asiyehusika kabisa, au kwa shemeji aliyeachiwa simu, au ikatokea kwenye kioo cha mbele kabla hata simu haijafunguliwa na mtu aliyekaa pembeni akaisoma. Siri imetoka hapo na hairudi. Ndo maana lile neno moja la salamu lilikuwa na akili kuliko linavyoonekana. Hata ikisomwa na jirani ni salamu tu.

Kwahiyo wanaofanya kazi hii vizuri wanachukua namba zaidi ya moja, na namba ya pili inakuwa ya mtu ambaye mgonjwa mwenyewe amemchagua na amesema wazi kama huyo mtu anajua hali yake au hajui. Kila akija kliniki anaulizwa, namba ni ile ile? Kujibu kunakuwa bure kwake, maana mtu asiye na salio hawezi kuandika hata herufi, kama haiwezekani basi abipu tu na kubipu kuhesabiwe ni "nipigie". Na wanamuuliza saa gani ndo nzuri, maana Jumatatu saa tatu asubuhi ya ofisini ni saa ya arosto kwa mwingine, huyo mtumie mchana baada ya dozi ya methadoni uone kama hajibu.

Kimya nacho kinasomwa. Mtu aliyekuwa anajibu "sawa" kila wiki akakaa kimya mbili mfululizo, hiyo ni habari. Inaweza kuwa simu imeuzwa, inaweza kuwa mahabusu, amerudi kutumia na anaona aibu, amezidisha dozi ya unga, au amepata kibarua tu yuko bize. Hapa ndo waelimishaji rika wanapoingia, wale ambao wenyewe wamepita kwenye unga na wanajua maskani zote, anatumwa mmoja anaenda anakaa naye, bila kutaja mambo ya kliniki mbele ya wenzake. Meseji inakuonyesha ni nani wa kumtafuta wiki hii, kumtafuta ni miguu ya mtu. Programu ambayo ina meseji lakini haina miguu, bora hata wasianze, kwa sababu ukimwambia mtu andika shida tutakupigia, akaandika, na simu isiite, umemthibitishia kile alichokuwa anaamini siku zote kuhusu hospitali. Na huwezi kumpata mara ya pili.

Maneno nayo yana kazi. "Usiache dawa, utakufa" haina kazi yoyote, mtu anayejidunga kila siku ameshaishi na kifo kwa karibu. "Ulikosa miadi yako" inasomeka kama wito wa mahakamani. Linganisha na "Habari, tumekumiss, Alhamisi nesi yule yule yupo, njoo muda wowote". Kuna kuelekezwa hapo na hakuna kesi. Na asiitwe teja kwenye kitu chochote kilichoandikwa, hata kwenye daftari la ndani, maana daftari huwa linasomwa.

Bado hata meseji nzuri kuliko zote haiwezi kushindana na methadoni yenyewe. Mapitio makubwa ya 2016 yalikuta watu wenye VVU waliokuwa kwenye tiba mbadala kama methadoni walikuwa na uwezekano kama mara mbili wa kumeza ARV vizuri kuliko wasiokuwa nayo. Inaeleweka, arosto ikiondoka asubuhi inakuwa asubuhi ya kawaida. Na sehemu nyingine wanampa mtu ARV dirisha lile lile anapokunywa methadoni, anameza palepale, hapo meseji ya kukumbusha haihitajiki hata kidogo, inabaki na kazi ya wikendi, ya safari, ya siku asiyotokea. Kuna na sindano za cabotegraviri na rilpivirini zinazodungwa kila baada ya miezi miwili badala ya vidonge, kwa waliofubaza virusi tayari, ambazo hazijafika kila mahali. Kwa hizo, kusahau siku moja sio ishu tena, ila kupotea tarehe ya sindano ni ishu kubwa, na kumpata mtu kwenye simu wiki hiyo kunakuwa na thamani kuliko mwanzo.

Kama wewe au ndugu yako mnaombwa kuingia kwenye huduma ya meseji, muulizeni mhudumu, nikijibu nani anasoma, na ananipigia ndani ya muda gani? Meseji itaandikwa nini hasa, nionyesheni. Nikibadilisha laini nafanyaje? Nikitaka kutoka natokaje, na je nikitoka dawa zangu nitaendelea kupata kama kawaida? Jibu la swali la mwisho liwe ndiyo, bila kusitasita.